Gari la Marehemu, Sehemu ya Tisa: Uzi Mwekundu

Mmenisumbua wiki nzima, wasomaji wangu. Mmoja alinishika mkono dukani, nimekwenda kununua sabuni, hata salamu hakutoa: "Dakika alisikia nini kule chini ya gari?" Haya, nimekuja. Shikeni viti vyenu vizuri, maana leo kuna mteremko.

Tulimwacha Dakika, fundi saa wetu, amelala chali chini ya lile gari kuukuu la foo-wili, linalovuta kwa magurudumu yote manne, wembe mkononi. Juu yake, kupitia sakafu ya bati, sauti mbili zilikuwa zinashuka. Ya kwanza ya Mzee Honi, utingo mstaafu wa gari hilo hilo, jirani wa ukuta kwa ukuta. Ya pili ya mke wa Dakika mwenyewe, Bi Pindo.

"Shemeji," alisema Mzee Honi, "mikono iliyolifunga gari hili sijaiona tena. Mingine haijazaliwa."

"Shh! Punguza sauti. Mume wangu asisikie."

"Kwani ni siri?"

"Kwangu mimi ni siri. Na wewe ukiipasua, suruali zako utamtafuta wa kukushonea."

Mzee Honi akacheka. Dakika hakucheka. Alihisi kitu kichungu kama dawa ya kwinini, na jina lake ni wivu.

Kwa mliojiunga leo, nitasema upesi. Bi Pindo ni fundi cherehani. Alipoolewa na Dakika mwaka juzi alikuja na cherehani yake, masanduku mawili ya nguo, na gari. Gari lilikuwa la mume wake wa kwanza, dereva wa abiria na mizigo, aliyefariki kwa homa miaka saba iliyopita. Likavutwa kwa kamba mpaka uani, kutu ikaanza kulila, na kuku wakatagia kwenye kiti cha dereva.

Dakika akaapa kulifufua kwa mikono yake. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mtu ambaye maisha yake yote amefungua vitu vya kuenea kiganjani! Lakini alilifungua kama anavyofungua saa. Kila nati iliingia kwenye kitundu chake katika trei za mayai, na kila kitundu kina kijikaratasi chenye namba. Akakwangua kutu, akapiga msasa, akachomelewa sakafu mpya, akajaza puti, akapaka rangi ya kijani. Miezi minane, ile lenzi yake ya jichoni ikining'inia shingoni.

Shida ni kwamba kila alipofungua, alikuta mtu ametangulia.

Palipokuwa na waya uliochubuka, alikuta uzi mwekundu uliopakwa nta, umezungushwa kwa unadhifu na kumaliziwa kwa fundo moja dogo. Palipokuwa na bomba lililolegea, uzi mwekundu, fundo lile lile. Chini ya dashibodi, nyuma ya taa, pembeni ya rejeta. Mahali arobaini.

Sasa, mafundi saa wana desturi yao. Ukitengeneza saa ya mtu, unakwaruza alama yako ndani ya mfuniko, mahali pasipoonekana, ili fundi atakayekuja baadaye ajue nani alipita. Kwa hiyo Dakika alipoona uzi mwekundu hakuuliza mtu. Hii ni saini, alisema moyoni. Na mwenye saini ni nani kama si mwenye gari?

Kazi yenyewe ingekuwa ya ovyo, angelala usingizi mnono. Ilikuwa nzuri, ndugu zangu. Ilikuwa nzuri kuliko yake. Marehemu hasemwi vibaya, na huyu hakumpa mtu hata nafasi ya kujaribu.

Basi Dakika akaanza kuzikata. Uzi mmoja baada ya mwingine, mke akiwa kwenye cherehani yake. Kila alipokata uzi alifunga kibanio kipya cha chuma, kinachong'aa, cha dukani. Nyuzi thelathini na tisa zilikuwa ndani ya kopo la rangi tupu. Asubuhi hii ulibaki mmoja tu, chini ya sakafu, karibu na shafti, ulioshika bomba la breki.

"Fundi!" mteja aliita getini. "Fundi, hodi!"

Chini ya gari Dakika nusura aitike, akauma mdomo. Ndiyo adha ya nyumba yenye mafundi wawili. Mtaa mzima unawaita hivyo hivyo, Fundi huyu na Fundi yule, na anayeitwa hujulikana kwa kuangalia mteja amebeba saa au kitambaa.

Huyu alikuwa na kitambaa. Bi Pindo akateremka garini, viatu vyake vikaelekea getini.

"Siri," Dakika akanong'ona. "Kumbe mna siri yenu, wewe na maiti."

Akakata. Uzi wa arobaini ukamdondokea kifuani.

"Siku za mwizi arobaini," akasema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Kibanio cha mwisho kilikuwa kwenye mfuko wa shati. Kukifunga ni kazi ya dakika mbili. Lakini alisikia ndala za Mzee Honi zikiburuzwa kuondoka, na wivu ukamshika sikio ukamvuta nje. Alimkuta mzee ukutani, anachokonoa meno kwa njiti ya kiberiti.

"Mzee wangu, nisaidie jambo. Aliyekuwa anatengeneza gari hili zamani, alikuwa mtu wa namna gani?"

Mzee Honi akatazama kule getini, akatazama huku. "Fundi? Ah! Fundi alikuwa moto wa kuotea mbali."

"Alikuwa hodari kweli?"

"Hodari? Siku moja tumekwama mlimani, bomba la breki limeachia, mvua inanyesha kama imetumwa. Abiria wanasali. Fundi akaingia chini, uzi mdomoni, mimi nimeshika tochi natetemeka. Robo saa! Akatoka na tope mpaka kwenye nyusi, akasema twendeni. Tukatembea miaka minne na uzi ule ule."

Dakika akasogea karibu. "Na mke wake alikuwa wapi wakati huo?"

"Mke wa nani?"

"Mke wa Fundi."

Mzee Honi akamkodolea macho. Kisha kicheko kikamtoka, kikageuka kikohozi, akajipiga kifua. "Mke wa Fundi! Dakika wewe, utaniua! Nenda kamuulize mkeo, bwana. Mimi nimefungwa mdomo."

Mtu mwingine angekwenda kuuliza. Dakika hakwenda. Wivu hauna haja ya kuuliza, unakuja na majibu yake kutoka nyumbani. Yeye aliona jambo moja tu: mtaa mzima wanajua mke wake bado anamlilia nani, na wanamcheka.

Aligeuka kurudi kwenye gari akafunge kibanio chake. Bi Pindo alikuwa amesimama kando ya mlango wa dereva.

Alikuwa amevaa ovaroli ya bluu, imepauka magotini, ina madoa ya oili ya miaka mingi.

"Niko tayari, mume wangu," alisema. "Nipe ufunguo."

Makubaliano yao tangu mwanzo yalikuwa haya: siku gari litakapowaka, wa kwanza kuliendesha ni Bi Pindo. Siku yenyewe ilikuwa leo.

"Hiyo nguo umeitoa wapi?" aliuliza Dakika.

"Sandukuni."

"Ya nani?"

Mke akacheka, akajigeuza kama anayejipima mbele ya kioo. "Kwani inanikaa vibaya?"

Haikumkaa vibaya. Ilimkaa kama imeshonwa akiwa ndani yake, na hilo ndilo lililomchoma Dakika. Bila shaka, fundi cherehani hashindwi kupunguza nguo ya mwanamume. Kakesha siku ngapi, alijiuliza, anaipunguza huku anamkumbuka?

"Nakwenda mpaka juu kabisa, nageuza, narudi," alisema Bi Pindo. "Peke yangu. Nataka kulisikiliza."

"Kusikiliza nini?"

"Kulisikiliza tu." Macho yake yalikuwa yamelowa. "Ni muda mrefu, mwenzangu. Huwezi kujua."

Juu kabisa! Barabara ile inapanda kilima, na juu kabisa kuna makaburi. Miezi minane! Ngozi ya vidole imekwisha kwa msasa, mgongo haunyooki, na kumbe alikuwa anamtengenezea mkewe usafiri wa kwenda kumwona mwenzake.

Mkono ukaingia kwenye mfuko wa shati, kwa mazoea tu. Kidole kikagusa kibanio.

Cha arobaini.

"Subiri," alisema.

"Nini?"

Alifungua mdomo. Na wakati huo huo akaona, kwenye mfuko wa kifuani wa ile ovaroli, kijiti cha uzi kinachungulia. Uzi mwekundu, wenye nta. Ameuhifadhi miaka saba! Anautembeza kifuani, upande wa moyo!

Bomba moja, Dakika akajiambia. Kibanio kimoja. Akirudi nitafunga. Nani amewahi kufa kwa kukosa kibanio?

"Hakuna," akasema. "Nenda salama."

Akamfungia mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Gari likawaka kwa mara moja tu, likanguruma, likatoka getini. Watoto wakapiga makofi. Bi Pindo akapiga honi mara mbili kuwapungia, akakata kona, akaanza kupanda. Dakika alibaki uani na trei zake za mayai, kila kitundu kitupu, kila namba imerudi mahali pake. Alipaswa kuwa na furaha. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, amenuna.

Mzee Honi akaingia anapangusa machozi ya kicheko. "Limewaka, Dakika! Nakupa heshima yako. Na hili kopo lina ni..." Alikuwa ameinama juu ya lile kopo la rangi. Akaingiza vidole, akatoa lundo la nyuzi nyekundu, zote zimekatwa.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi. Nimeweka vibanio vya kisasa. Vya chuma."

"Kila mahali?"

Mkono wa Dakika ukaenda kwenye mfuko wa shati.

"Ule wa chini, Dakika. Ule wa shafti. Umeufanyaje?"

"Nimeukata."

"Ukaweka nini?"

Dakika akatoa kibanio mfukoni, akakishika kiganjani. Kilimetameta juani. Katika kazi yake kuna sheria moja ambayo hata mwanagenzi wa siku ya kwanza anaijua: ukimaliza kufunga saa na kifaa kikabaki mezani, hujatengeneza saa.

Mzee Honi akakaa chini, hapo hapo kwenye vumbi. "Bomba lile likikosa kushikwa linalalia shafti. Na shafti inazunguka. Italikata kama msumeno unavyokata fimbo. Kupanda hatajua, hagusi breki. Ni wakati wa kushuka..."

Kutoka juu ya kilima ilisikika honi. Haikuwa ya kupunga mkono hii. Ilikuwa ndefu, haikatiki, na ilikuwa inakuja.

Dakika alikimbia. Ndala moja ilibaki getini, nyingine ilibaki mbele ya duka, lenzi inampiga meno. Alikuwa anasema kitu, wale aliowapita walidhani anaita jina la mkewe. Alikuwa anahesabu. "Arobaini, arobaini, arobaini."

Gari la kijani likatokea kwenye kona ya juu. Watu walitawanyika, mwendesha baiskeli akajitupa mtaroni na baiskeli yake. Dakika alimwona mke wake nyuma ya kioo. Hakuwa anapiga kelele. Alikuwa ametoa ulimi pembeni mwa mdomo, kama anavyofanya akiingiza uzi kwenye tundu la sindano.

Injini ikalia. Gia ya tatu! Ikalia tena, kwa uchungu zaidi. Ya pili! Gari likatikisika, likapunguza, lakini kilima kikalisukuma. Mkono wake ukashuka kwenye ile gia fupi ya pembeni, ile nzito ya milimani, ambayo Dakika alikuwa ameipaka mafuta bila kuelewa ni ya nini. Kitu kikaguna chini ya gari. Akakata usukani kuelekea kwenye jengo lililokuwa bado linajengwa, mafundi wa ujenzi wakatupa makoleo wakakimbia, na gari likaingia na pua yote kwenye lundo la mchanga. Likazimika.

Mlango ukafunguka.

"Mke wangu!" Dakika alifika anahema, akamshika mabega, mikono, uso. "Umeumia? Umeumia wapi?"

"Niache kidogo," alisema Bi Pindo. Akalala chali barabarani bila kujali watu, akajisukuma chini ya gari. Miguu yake miwili ikabaki nje. Alijisukuma kama mtu anayeingia chumbani mwake.

Alipotoka alikuwa na kipande cha uzi mwekundu kati ya vidole, kile kilichobaki kimenasa kwenye chuma. Ncha yake ilikuwa imekatika sawasawa.

"Huu haukuoza," alisema. "Umekatwa kwa wembe. Nani amekata uzi wangu?"

Dakika alisikia neno moja tu. "Wako?"

"Wa nani tena!" Mzee Honi alikuwa amefika, ameshika kiuno. "Si nimekuhadithia asubuhi yote? Fundi, Fundi, Fundi! Fundi ndiye huyu!"

"Nilidhani... nilidhani ni Marehemu."

Bi Pindo akamtazama kama aliyeambiwa kuku ameota meno. "Marehemu? Mungu amrehemu, alikuwa dereva mzuri, lakini spana hakujua kama inaliwa au inavaliwa. Gari likianza kugonga, yeye anaongeza sauti ya redio."

"Na ovaroli?"

"Nimeishona mwenyewe. Ya mwanamume ingenibana hapa." Akajipiga nyonga.

"Lakini ulimwambia mzee nisisikie. Ulisema ni siri."

"Ni siri, ndiyo." Sauti yake ilishuka. "Kila jioni uliingia ndani na grisi mikononi, unanichorea klachi kwenye karatasi ya sukari, unanieleza kabureta ni kitu gani. Ulikuwa na raha, mume wangu. Ningekuambia nini? Kwamba kabureta hiyo nimeifungua mara kumi na moja? Nikasema, mwache. Nikapanda kule juu nikalisikilize tu, maana injini haiwezi kukudanganya mlimani. Na lilikuwa linaimba. Nilikuwa narudi kukuambia kwamba umefanya kazi nzuri."

Aibu ikampiga Dakika usoni, na nyuma ya aibu, msinichukie kwa kusema, ikaja furaha. Hapakuwa na mtu! Miezi minane amepigana na mikono ambayo humwekea chai mezani. Alitaka kucheka, alitaka kupiga magoti, alitaka kwenda kumwomba radhi Marehemu hukohuko juu.

"Nisamehe," alisema. "Ulikuwa wivu. Wivu wa kijinga."

"Kukata nyuzi nitakusamehe," alisema Bi Pindo. "Wivu nao ni ugonjwa, nani hajaugua? Lakini nataka neno moja. Pale mlangoni ulisema 'subiri'. Nikakuuliza nini, ukasema hakuna. Ulitaka kusema nini?"

Dakika alihisi kitu kinamchoma kiganjani. Alikuwa bado amekikamata, tangu uani, kwa nguvu mpaka kimemtoa damu.

Angeweza kukidondosha mchangani. Hakuna ambaye angejua.

Akafungua mkono.

Bi Pindo akakitazama kile kibanio. "Kwa hiyo ulikumbuka."

"Nilikumbuka."

"Mimi nimesimama mbele yako."

"Umesimama mbele yangu. Nikaona uzi mfukoni mwako... nikanyamaza."

Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alijifuta mikono kwenye ovaroli taratibu, kidole kimoja kimoja, akazunguka gari mpaka upande wa abiria. Akapanda. Akafunga mlango wake. Kisha akajinyoosha juu ya kiti, akausukuma mlango wa dereva ukafunguka wazi.

"Haya, Fundi," alisema. "Washa, urudi nyuma utoke mchangani. Twende nyumbani."

"Shemeji!" Mzee Honi akapiga yowe. "Breki hakuna! Na mteremko bado, ukikosa geti lenu hapo unaingia njia panda, kwenye malori!"

"Najua hakuna," alisema Bi Pindo, anatazama mbele. "Asubuhi alijua yeye peke yake. Sasa tunajua wote wawili."

Dakika alitazama mteremko. Alitazama miguu yake isiyo na ndala. Kisha akashika usukani, akaweka mguu wa kwanza ndani.